Maswali Nyuma ya Risiti ya Luku

Niliyaandika nyuma ya risiti ya Luku,
kumi na moja, kwa kalamu ya mtoto, inayovuja:
Nani hushika funguo usiku? Choo kina kishikio?
Anayelia saa nane, mnamwendea
au mnamwacha mpaka achoke?
La kumi na moja sikulimaliza.
Liliishia: Na je, mtu akisahau kwamba

Nyumba iko Raskazone, ukuta umepakwa chokaa juzi;
niliondoka nayo begani.
Bi Nakiete, msimamizi, akanisogezea daftari la wageni.
Jina, nikaandika. Penye "uhusiano" kalamu ikakwama.
Mtoto wa kaka? Mlezi?
Mtoro?

Nilianza kwa kunusa, nilishaambiwa: nusa kwanza.
Deto. Wali wa nazi. Na chini yake mkojo,
kidogo, wa leo, si wa jana.
Nikaweka vema.
Nikafungua bomba. Nikabonyeza godoro kwa ngumi
kama mnunuzi,
na hapo hapo nikajiona muuzaji.

Shangazi Mwajasi nilikuja naye.
"Tunakwenda kumtazama mgonjwa," nilimdanganya,
naye akavaa gauni la Idi, akabeba machungwa saba ya Muheza,
maana mgonjwa haendewi mikono mitupu.

Miaka ishirini na tisa alikaa kwenye ubao wa simu, Posta,
nyaya vidoleni, mji mzima ukimpitia masikioni:
nani kafiwa Pangani, nani anadaiwa Korogwe,
nani kapiga Mombasa akalia tu, dakika tatu, akakata.
Hakuna siri hata moja iliyomponyoka.
Sasa zinamtoka zote, mezani, mbele ya fundi bomba,
na hajui kama zilikuwa siri.
Jina langu lilikuwa la kwanza kukatika.

Nikauliza swali la nne. Bi Nakiete hakupepesa:
"Usiku wako wawili. Mmoja husinzia. Sikufichi."
Nikaweka vema, nikaifuta,
nikaiweka tena.

Ukumbini, mzee wanayemwita Sempombe
ameshika kijiko sikioni. "Haloo. Haloo."
Mhudumu, kijana, Mhina, akanyoosha mkono amnyang'anye.
Shangazi akamzuia kwa jicho.
Akaketi. Akanyoosha mgongo
ambao sijauona umenyooka tangu eda ya mumewe.
"Namba ngapi, bwana?"
"Mbili sita saba."
"Subiri. Nakuunganisha."
Mhina akaurudisha mkono wake taratibu. Hakucheka.
Hilo halikuwamo kwenye risiti.

Mzee akaongea kirefu, na mkewe nadhani,
habari za mbuzi aliyekula hati ya shamba.
Shangazi akatazama pembeni,
hakusikiliza, kama alivyofundishwa.

Tulirudi kwa bajaji, baiskeli zikitupita,
mpaka Barabara ya Kumi na Nne.
"Mgonjwa wenyewe hajambo," akasema.
Lilibaki chungwa moja. Akanitia mkononi:
"Mpe yule kijana wa kaka yangu, ukimwona.
Haji siku hizi."

Jirani, Mama Kijoli, alikwishajua. "Mzazi hatupwi, mwanangu."
Ni yeye aliyemkuta alfajiri relini,
akanirudishia, yeye
na kiatu kimoja.

Saa nane usiku anagonga mlango kwa ndani,
nyumba aliyoijenga kwa mshahara wake, tofali kwa tofali:
"Nifungulieni, jamani. Nataka kwetu."
Nimelala chini, ubavuni mwa mlango. Chungwa bado sijalimenya.
Swali la kwanza: nani hushika funguo usiku?
Mimi.
Zimo shingoni, kwenye kamba ya kile kiatu.
Na mimi pia
husinzia.